Tusimsingizie Mungu: Watoto Wetu na Barabara

Dominika ya 33 ya Mwaka A
Masomo: Mit 31:10-13, 19-20, 30-31, 1 The 5:1-6, Mt 25:14-30



Mwezi huu wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka marehemu wetu. Tumekwenda makaburini, tumeng'oa majani, tumewasha mishumaa, tumeyataja majina yao katika Misa. Lakini Dominika ya leo, iliyo ya tatu katika mwezi huu, imebeba ndani yake kumbukumbu nyingine. Mwezi Oktoba 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliazimia kwamba kila mwaka, Jumapili ya tatu ya Novemba, mataifa yote yawakumbuke watu waliokufa na waliojeruhiwa barabarani. Hesabu yao inatisha. Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa namna hiyo kila mwaka. Na tukiwatazama watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani kote kwa jumla, hakuna jambo jingine lolote linalowaua kwa wingi kuliko ajali za barabarani.

Kwa hiyo leo tunataka kusema nanyi juu ya watoto wetu na barabara. Pengine wako watakaouliza: je, hayo ni mambo ya mimbarini? Si kazi ya askari wa usalama barabarani? Tuvumiliane kidogo. Tukifika mwisho tutaona kwamba tumekuwa ndani ya Injili ya leo tangu mwanzo.

Sisi mapadre, tunapoitwa kumzika mtoto aliyegongwa na gari au pikipiki, tukasimama pale kibanjani, kando ya kaburi fupi lililochimbwa kati ya migomba, husikia maneno mawili yakirudiwa na waombolezaji. La kwanza ni hili: "Ajali haina kinga." La pili ni hili: "Kazi ya Mungu haina makosa." Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Jirani anamtafutia mfiwa mahali pa kuegemea, wala si saa ya kumsahihisha mtu. Lakini leo hakuna jeneza mbele yetu. Leo tunayo nafasi ya kuyapima maneno hayo kwa utulivu, tukiuliza kama ni kweli, na kama yanampa Mungu heshima anayostahili.

Katika Injili tumesikia habari za bwana aliyesafiri akawakabidhi watumwa wake mali yake. Wawili walifanya kazi wakazalisha. Wa tatu alichimba shimo, akaificha talanta yake. Mara nyingi tunatazama shimo lile tu, tukasahau kusikiliza maneno aliyoyasema alipoitwa kutoa hesabu. Alisema kwamba bwana wake ni mtu mgumu, avunaye mahali ambapo hakupanda. Mtumwa yule hakuona kosa lolote kwake mwenyewe. Uvivu wake aliupa sababu kutoka katika tabia ya bwana wake. Hilo ndilo lililomkasirisha bwana yule: kuchukuliwa amana yake kwa uzembe, kisha yeye mwenyewe kusingiziwa.

Ndugu zangu, mtoto ni amana. Hakuna talanta ya fedha inayoweza kulinganishwa naye. Tunapomwacha mtoto wa miaka sita avuke peke yake barabara kuu ya lami, tunapompakia yeye na wenzake wanne juu ya pikipiki moja, tunapopita mbele ya shule kwa mwendo wa kasi, kisha baada ya msiba tukasema kwamba ni mapenzi ya Mungu, je, hatusemi kama alivyosema mtumwa yule? Tunamfanya Mungu kuwa mgumu, avunaye watoto ambao hakuwapanda. Wala Mungu wetu si wa namna hiyo. Mapenzi yake juu ya mtoto ni kwamba aishi, akue, amjue na kumpenda.

Maandiko Matakatifu yenyewe hayakubaliani na usemi kwamba ajali haina kinga. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, kwa kuwa nyumba za nchi ile zilikuwa na dari bapa ambazo watu walitembea juu yake. Kama mtu akianguka mahali pasipo na ukingo, damu yake iko juu ya nyumba ile. Na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mtu aliyechimba shimo asilifunike, akatumbukia humo ng'ombe wa jirani, anatakiwa kulipa. Torati haikumwambia mwenye nyumba wala mwenye shimo kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ilimwambia ajenge ukingo, afunike shimo. Ikiwa ni hivyo kwa ng'ombe, itakuwaje kwa mtoto?

Wengine hujifariji wakisema kwamba kila mtoto anaye malaika mlinzi. Ni kweli, nasi twaamini hivyo. Lakini tukumbuke ni nani aliyewataja malaika ili kumshawishi Bwana wetu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Alikuwa mshawishi, na Yesu alimkataa akimwambia kwamba haifai kumjaribu Mungu. Malaika mlinzi hakupewa mtoto ili mzazi apate kupumzika.

Basi tumjue kwanza mtoto mwenyewe. Mtoto mdogo hafai kuhesabiwa barabarani kama mtu mzima aliye mfupi. Akisimama nyuma ya gari lililoegeshwa, haoni ng'ambo, wala dereva hamwoni yeye. Akisikia mlio wa injini, hajui upesi unatoka upande gani. Akiliona gari kwa mbali, bado hana uwezo wa kukadiria kama linakwenda pole au mbio. Uwezo huo huja taratibu, na watoto wengi hawaupati sawasawa kabla ya kufikia miaka tisa au kumi, wengine hata zaidi. Tena moyo wake hushika jambo moja tu kwa wakati. Mpira ukiingia barabarani, anauona mpira. Mama akimwita kutoka ng'ambo, anamwona mama.

Tufanye hesabu ndogo, makatekista na walimu waiandike ubaoni. Barabara ina upana wa mita 7. Mtoto anatembea mita 1 kwa sekunde, hivyo anahitaji sekunde 7 kuimaliza. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika kila sekunde. Katika sekunde zile 7 gari hilo limekwisha kutembea zaidi ya mita 150. Uwanja wa mpira wa miguu una urefu wa mita 105 hivi. Maana yake ni kwamba mtoto huyo, ili avuke salama, anapaswa kuliona gari likiwa mbali kuliko urefu wa uwanja mzima, tena na nusu ya pili juu yake! Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa na sheria zetu katika maeneo ya makazi, katika sekunde hizo hizo litatembea karibu mita 100. Likienda kilomita 30, halitafika hata mita 60.

Sasa ifikirieni barabara itokayo Bukoba, ikapita Kemondo na Muhutwe kuelekea Muleba. Ifikirieni ile iendayo Kyaka hadi Mutukula. Ni sehemu ngapi zenye mteremko, zenye kona, zenye migomba iliyosogea hadi ukingoni, ambapo hata mtu mzima haoni mita 150 mbele yake? Tena nchi yetu hii ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Lami ikilowa, gari huchelewa kusimama hata breki zikiwa nzima. Na alfajiri ya mvua, mtoto mwenye sweta la rangi ya giza haonekani. Mtoto huyo hawezi kuyajua hayo yote kwa akili yake mwenyewe. Ndiyo maana Mungu alimpa wazazi.

Je, tumfundisheje? Neno la Mungu linatupa njia. Katika sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, wazazi wa Israeli wanaagizwa kuwafundisha watoto wao amri za Bwana wakiwa wameketi nyumbani, na pia wakiwa wanatembea njiani. Tuliangalie neno hilo, njiani. Kumwambia mtoto asubuhi, ukiwa jikoni, kwamba awe mwangalifu, bado si kumfundisha. Kumfundisha ni kutembea naye. Mzazi achukue siku kadhaa, aifuate pamoja na mtoto njia ile ile ya kwenda shule, amwonyeshe mahali pa kuvuka, akamwonye kuhusu kona mbaya. Kisha amwache mtoto amwongoze yeye, huku akimtazama kama ameelewa. Hata hivyo, mtoto wa madarasa ya kwanza, akijua yote hayo, bado anahitaji mkono wa mkubwa wakati wa kuvuka. Tena tumshike kwenye kifundo cha mkono, maana vidole huteleza.

Mambo ya kumfundisha si mengi. Kwanza, pasipo na njia ya watembea kwa miguu, atembee upande wa kulia, mbali na lami kadiri awezavyo, ili magari ya upande ule yaje yakimkabili naye ayaone. Mdogo awe upande wa majani, mkubwa upande wa barabara. Pili, kabla ya kuvuka asimame kabisa. Aangalie kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na kusikiliza. Halafu avuke moja kwa moja kwa kutembea, bila kukimbia wala kurudi nyuma. Tunaanza na kulia kwa kuwa nchini mwetu magari hupita kushoto, na gari la kwanza kumfikia mtoto hutoka kulia kwake. Ndugu zetu wa Uganda, ng'ambo ya Mutukula, wanafanya kama sisi. Lakini ukivuka daraja la Rusumo ukaingia Rwanda, na vilevile Burundi, magari hupita kulia. Familia zinazohamia huko, au zinazotoka huko kuja kwetu, ziwafundishe watoto wao upya, maana mazoea ya macho hayabadiliki kwa siku moja.

Tatu, mtoto akishuka kwenye basi au daladala, asivuke mbele yake wala nyuma yake. Asubiri gari liondoke, barabara iwe wazi pande zote mbili, ndipo avuke. Nne, barabara si uwanja. Mpira, tairi la kusukuma, vigari vya mbao vinavyoteremka vilimani, vyote vina mahali pake, na mahali hapo si kando ya lami.

Hapo tuongeze neno la msimu huu. Huu ndio wakati wa senene. Sote tunajua furaha iliyopo, na hatutaki kumnyima mtoto wa Kihaya senene wake! Lakini tunajua pia jinsi senene wanavyozifuata taa za umeme usiku, na jinsi watoto wanavyowafuata senene, mbio, vikopo na chupa mkononi, hadi chini ya taa za barabarani, na tena alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri. Mtoto anayemfukuza senene haoni gari. Naye dereva aliyetoka mbali hajui kwamba nchi hii iko katika sherehe. Basi mkubwa mmoja aende nao. Wachague mahali palipo mbali na barabara. Kitoweo cha jioni moja hakilingani na uhai wa mtoto.

Tuje sasa kwenye taa zenyewe, yaani taa za kuongozea magari. Watoto wengi wa vijijini kwetu hukua bila kuvuka barabara yenye taa hizo. Lakini siku moja watakwenda Mwanza, Dar es Salaam au Kampala, kwa masomo au kazi, nao wakute taa zikibadilika mbele yao katikati ya msongamano wa watu. Wafundishwe mapema. Nyekundu: simama. Njano: usianze kuvuka. Kijani: unaruhusiwa kwenda. Na hapo tuwaambie jambo ambalo hata wakubwa husahau: kijani ni ruhusa tu, haimkingi mtu. Hata ikiwaka kijani kwa ajili yako, angalia kwanza kama magari yamesimama kweli, maana yuko dereva mwingine asiyetii. Na askari wa usalama barabarani akisimama katikati kuongoza magari, mkono wake unafuatwa kuliko taa.

Taa ya kwanza ya namna hiyo iliwekwa London, karibu na jengo la Bunge, tarehe 10 Desemba 1868. Iliwashwa kwa gesi, nayo ilikuwa na rangi mbili tu, nyekundu na kijani, zilizoigwa kutoka kwenye njia za reli, na askari aliigeuza kwa mkono. Haikudumu, mwezi Januari 1869 ililipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Mwaka 1914 taa za umeme ziliwekwa katika mji wa Cleveland, Marekani, na rangi ya njano ikaongezwa baadaye. Twasimulia hayo kwa sababu moja. Hakuna mtu aliyezaliwa akijua kwamba nyekundu ni kusimama. Ni mapatano. Watu walikubaliana, wakawapokeza watoto wao, na nguvu yote ya taa ile inatokana na uaminifu wa wale wanaoyashika mapatano hayo. Mtu mmoja akipita wakati wa nyekundu, anaivunja imani ambayo mtoto aliye upande wa pili ameiweka kwa wakubwa wote.

Makatekista, mnaweza kuwasaidia watoto wa Utoto Mtakatifu kukumbuka kwa kutumia rangi wanazoziona altareni. Leo padre amevaa kijani, rangi ya kipindi cha kawaida, rangi ya safari na ya kukua. Siku ya mashahidi anavaa nyekundu, rangi ya damu iliyomwagika. Mtoto aliyeelewa hayo hatasahau kwa nini mbele ya nyekundu mtu husimama.

Lakini pale pasipo taa, yaani karibu kila mahali katika wilaya zetu za Bukoba na Muleba, mtoto anamtazama nani? Anamtazama mkubwa aliye mbele yake. Baba anayevuka huku akizungumza na simu, mama anayekatiza katikati ya magari ili kuokoa dakika moja, mwalimu anayeruka lakini akawaambia wanafunzi wasiruke, hao wote wanafundisha, na somo lao hushikwa haraka kuliko yale ya darasani. Mtume Paulo, katika somo la pili, anawaambia Wathesalonike kwamba wao ni wana wa nuru, na kwamba yafaa wakeshe na kuwa na kiasi, kwa sababu maangamizi huwajia kwa ghafla wale wanaojiambia kwamba kuna amani na usalama. Sisi tuliobatizwa tulipokea mshumaa uliowashwa. Kwa mtoto wako, ewe mzazi, taa ya kwanza ya kuongozea njia ni wewe.

Tunawageukia sasa wenye kushika usukani na wenye kushika mikono ya pikipiki. Wengi wenu ni vijana wetu, tumewabatiza, tumewafungisha ndoa, mnatubeba sisi pia tuendapo vigangoni. Tunawapenda, ndiyo maana tunasema wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Kanisa katika Ulimwengu wa Kisasa, namba ya 30, mwaka 1965, uliwataja watu wanaodharau sheria za mwendo wa magari, wasione kwamba uzembe huo unahatarisha maisha yao na ya wengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba ya 2290, inafundisha kwamba wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mbio kupita kiasi wanahatarisha usalama wa watu barabarani wana hatia nzito. Na tarehe 19 Juni 2007 Baraza la Kipapa la Shughuli za Kichungaji kwa Wahamiaji na Watu Wasafirio lilitoa mwongozo wenye amri kumi kwa madereva. Ya kwanza ndiyo ile ile ya Sinai, ya kutokuua. Nyingine inakataza gari kuwa chombo cha kuonyesha ukubwa. Ya tisa inaagiza kwamba barabarani aliye mnyonge zaidi alindwe. Barabarani ni nani aliye mnyonge kuliko mtoto?

Kwa hiyo mwendo wa kasi mbele ya shule ni jambo la kuulizwa dhamirini, tena ni jambo la kupelekwa kwenye kitubio, hata kama siku ile hakugongwa mtu. Kupakia watoto mishikaki kwenye bodaboda ni jambo la dhamiri; na dhambi hiyo si ya dereva peke yake, ni ya mzazi pia aliyelipa nauli moja kwa watoto wanne. Kuendesha baada ya rubisi na konyagi ni jambo la dhamiri. Unapoiona kanisa, shule, soko au kundi la watoto, punguza mwendo kabla hawajakuona.

Lakini hata mzazi mwema na dereva mwema hawatoshi bila jumuiya. Mnakumbuka jinsi Yesu alivyopotea akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Maria na Yosefu hawakuwa wazembe. Walidhani yumo katika msafara, pamoja na jamaa. Kama ilitokea kwa watakatifu hao, itakuwaje kwetu? Katika kila parokia, watoto wetu mara nyingi wamo katika pengo hilo: mzazi anadhani wako na katekista, katekista anadhani wamekwisha fika nyumbani. Misa ya watoto imekwisha, mafundisho ya Komunyo ya Kwanza yamekwisha, mlango unafunguliwa, na watoto sitini wanatoka mbio kuelekea barabarani kwa pamoja. Tunaomba Halmashauri za Walei zilitazame jambo hilo. Watoto watolewe kwa makundi, kwa vijiji, kila kundi na mkubwa wake. Mmoja wa VIWAWA au wa WAWATA asimame barabarani hadi mtoto wa mwisho avuke. Kazi hiyo haihitaji fedha.

Tena kinga inawezekana. Dar es Salaam shirika liitwalo Amend lilizichunguza shule zilizo kando ya barabara zenye hatari, likajenga njia za miguu, matuta, vivuko na alama, mahali pengine likahamisha lango la shule kutoka barabara kuu, na kuwafundisha watoto wenyewe. Majeraha kwa watoto yakapungua, na mwaka 2019 mradi huo ukapewa Tuzo ya WRI Ross ya Miji, mbele ya miradi ya sehemu nyingi za dunia. Tuta la udongo na lango lililohamishwa! Hayo si mambo yaliyo juu ya uwezo wa kamati zetu za shule na serikali za vijiji, zikishirikiana na wakala wa barabara.

Na wale wanaowapeleka watoto kwa magari ya shule, waulize juu ya matairi, breki, idadi ya watoto na mwenendo wa dereva. Kuuliza si utovu wa adabu. Taifa zima lililia tarehe 6 Mei 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia bondeni huko Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Sisi watu wa Kagera tunakijua kilio cha namna hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikiwa imebeba abiria kupita kiasi chake, ilizama ilipokaribia Mwanza, nasi tukapoteza mamia ya ndugu zetu. Tuliomboleza, tulisali, lakini tulijua pia kwamba meli ina kipimo chake, na kwamba kipimo kile kilipuuzwa.

Tunamaliza kwa neno kwako, mama, kwako, baba, ambaye mtoto wako alikufa barabarani, nawe umekaa kando ya redio ukisikiliza. Hatukusema haya ili kukuhukumu. Yapo yaliyotokea ambayo hakuna jicho la mzazi lingeweza kuyaona. Tulitaka tu usibaki ukidhani kwamba Mungu ndiye aliyemgonga mtoto wako. Mungu ndiye aliyempokea. Alisimama pale kando ya barabara kama alivyosimama mlangoni pa mji wa Naini, akiwa na huruma kwa mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Na kwako dereva ambaye ulisababisha kifo, unayetembea na uzito huo: mwongozo ule wa mwaka 2007 unataka pia mkosaji na aliyekosewa wakutanishwe kwa wakati unaofaa, ili msamaha ufanye kazi yake. Mwendee padre wako. Usibaki peke yako.

Wiki hii basi, kila mzazi amtembeze mtoto wake njia ya kwenda shule, mara moja tu kwa kuanzia. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize: ni mahali gani katika kijiji chetu ambapo watoto huvuka kwa hatari, na nani atasimama pale? Bwana atakaporudi kutaka hesabu ya talanta yake, tuweze kumwonyesha watoto aliotukabidhi, wazima, tukimwambia tumewatunza.

Tuwaombee wote waliokufa barabarani: raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!